Kilo 13 zilishuka, zikarudi zote: anapataje moyo wa kuanza tena?

MwanaLigula
Wakuu, habari za asubuhi. Naulizia kwa niaba ya mama mmoja wa miaka 41, yuko hapa Mtwara mjini, kazi yake ya kukaa. Mwaka jana alishuka kutoka kilo 92 mpaka 79 kwa miezi mitano: wali aliacha kabisa, usiku hali, asubuhi anatembea. Kuanzia msimu wa korosho mpaka mwisho wa Ramadhani zikarudi, sasa mzani unasoma 93. Cha kula anakijua. Kinachomshinda ni moyo: Jumatatu anaanza, Alhamisi ameacha. Naomba hatua hasa, si "ajitahidi tu".

LisheLindi
Mwambieni kwanza kwamba njaa ile haikuwa ulafi. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, homoni ya njaa hupanda na za shibe hushuka. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 ulikuta mabadiliko hayo bado yapo mwaka mzima baada ya watu kupungua. Nalisisitiza hili kwa sababu anayejiona mkosefu hachunguzi kilo zilirudia wapi. Anajiadhibu tu, na adhabu haifiki Ijumaa.

Pili, asirudie mpango ule ule. Kuacha wali na chakula cha usiku kwa mkupuo kunawezekana mara moja, moyo ukiwa mpya. Safari hii wiki mbili za kwanza asipunguze kitu. Kazi yake iwe moja: mzani usipite 93. Ajipime Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, mzani ule ule kwenye sakafu ngumu, kisha achukue wastani wa siku hizo tatu. Kipimo cha siku moja kinadanganya: chumvi ya jana, siku za hedhi au choo kigumu vinaweza kupandisha kilo moja hata mbili, na hayo si mafuta.

Kuna mtego mwingine wa wanaoanza upya. Mara ya kwanza huenda alishuka kilo mbili au tatu wiki ya kwanza akafurahi. Sehemu kubwa ilikuwa maji, kwa sababu wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika maji yapata gramu 3 kwa kila gramu 1. Akisubiri mwendo ule sasa atavunjika moyo bure. Nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Lengo la kwanza liwe 88, si 79. Asilimia 5 ya uzito tayari husaidia presha na sukari. Akifika 88 asimame hapo miezi miwili, asishuke wala asipande. Kusimama ndilo somo alilolikosa mwaka jana.

JikoMikindani
Naongezea upande wa sufuria, maana kilo nyingi hurudi kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120. Anayemimina kutoka kwenye chupa kwa macho anaweka vitano au sita kwenye mboga moja bila kujua. Apime viwili vya sufuria nzima. Samaki na kisamvu apikie tui la pili, kasimile (tui la kwanza, zito) aweke vijiko viwili mwishoni kwa ladha. Wali wa nazi asiuache, aupangie siku mbili kwa wiki, sahani moja, na siku hizo zijulikane.

Korosho ndiyo ya kuangalia zaidi huku kwetu. Gramu 30, yaani punje kama 20, ni kalori kama 170. Bakuli la gramu 150 linalozunguka sebuleni jioni linapita 800, na halimzuii mtu kula chakula cha usiku. Ajaze korosho kikombe kimoja kidogo cha kahawa, mfuko ufungwe urudi kabatini kabla hajakaa. Chai nayo: vikombe vinne vya vijiko vitatu ni karibu gramu 50 za sukari. Apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Ramadhani, kaimati au sambusa, kimoja kwa siku, si vyote. Mbaazi, kunde na samaki wa kuchoma ndivyo vya kumshibisha.

MwanaLigula
Ahsanteni sana. Na ile Alhamisi?

LisheLindi
Alhamisi inavunjika kwa sababu hana mpango wa siku mbaya. Aandike sasa hivi kiwango cha chini kabisa: kutembea dakika 10, na ugali usiozidi ngumi yake. Siku akichoka afanye hicho tu, na ihesabiwe siku iliyofanyika. Akikosa siku moja, asikose ya pili mfululizo.

Kutembea afikishe dakika 150 kwa wiki, aanze saa 12 asubuhi kabla ya joto, njia ya Shangani inatosha. Mara mbili kwa wiki ainuke kwenye kiti bila kujishikilia kwa mikono, mara 10, awamu tatu, ili asipoteze misuli. Oktoba mpaka Desemba asijipe lengo la kupungua, ashikilie tu. Na wastani ukigusa 90 baada ya kufika 88, arudie kupima mafuta na korosho wiki hiyo hiyo, asingoje Jumatatu.

Kabla ya yote aulize kituo cha afya kuhusu dawa zake. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, insulini na dawa za steroidi zinaweza kupandisha uzito, ila asiache dawa mwenyewe. Na kama anatumia vidonge vya sukari kama glibenclamide, asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.