Tupeane uzoefu: Mungu aliwahi kukufikia kupitia mtu usiyemtegemea kabisa?

Kinubi (mwanzisha uzi):
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kwenye kipindi cha Biblia tuko kitabu cha Waamuzi. Gideoni anapepeta ngano ndani ya shinikizo la zabibu, kajificha Wamidiani wasimwone, halafu malaika anamwita "Ee shujaa". Jamaa mmoja akacheka kwa sauti. Shujaa huyohuyo anaambiwa abomoe madhabahu ya baba yake, anakwenda usiku kwa kuogopa watu wa nyumbani. Geuza kurasa chache unamkuta Yefta, mwana wa kahaba, nduguze walishamfukuza. Halafu Samsoni, ambaye sidhani kama kuna mzazi humu angempokea mahari.

Sasa tuache Waamuzi, tuje kwetu. Nani alitumiwa na Mungu kwako akiwa bado na kasoro zake? Zile za "nilikuwa jambazi, leo ni mchungaji" tumezisikia sana. Nataka wale ambao siku ile walikuwa hawajanyooka. Msitaje majina, na wenye namba za sadaka wapite mbali.

Mpare Halisi:
Nianze mimi. Usharikani kwetu kuna mlinzi wa usiku. Yuko chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, kwa sababu anaishi na mwanamke bila ndoa, kwa hiyo Jumapili ya Meza ya Bwana anabaki benchi la nyuma.

Mama yangu alipopata kiharusi, washarika walikuja wengi, wakaimba, wakaacha sukari na sabuni. Mara ya pili wakaja wachache. Siwalaumu, watu wana shughuli. Huyu mlinzi ndiye aliyekuwa akitoka lindo asubuhi anapitia nyumbani, tochi bado iko mfukoni, anamgeuza mama ubavu ili asipate vidonda vya mgongo. Mimi mwanaye nilikuwa naogopa hata kumshika. Akanionyesha: unakunja shuka kwa mapana, unalipitisha chini ya mgongo, mmoja anavuta upande wake, mwingine anashika bega na nyonga, mgonjwa anageuka bila kulia. Kisha anaongoza Baba Yetu, anakwenda zake kulala. Hajawahi kunihubiria hata siku moja.

Nyanya Chungu:
Jamani! Na alirudi kundini?

Mpare Halisi:
Bado. Mahari haijaisha, na wakwe hawataki kusikia habari ya ndoa kabla haijaisha. Tunachanga.

Mhasibu Mstaafu:
Samahanini, mimi nitaharibu ladha. Mada hizi zina watu wake, na watu wake ni wale wanaotafuta pa kujificha. Kanisa moja nililosali zamani tulichanga fedha za mabati, fedha zikayeyuka. Tulipouliza, Jumapili iliyofuata tukahubiriwa Daudi: naye alianguka, na bado Mungu alimtumia, ninyi ni nani mhukumu? Watu wakasema amina. Mimi nikabaki na daftari langu la michango.

Mbona hatukusomewa na sura ya 12 ya Samweli wa Pili? Nabii Nathani alimwendea mfalme akamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na akamwambia upanga hautaondoka nyumbani mwake, na haukuondoka. Daudi alisamehewa, lakini hakuna aliyemwambia Nathani anyamaze.

Kinubi:
Mzee wangu, hujaharibu kitu. Endelea kukaa hapo hapo.

Mwanateolojia wa Jioni:
Mhasibu ana hoja, ila nami niongeze ya upande wa pili. Livingstone, yule wa masomo ya historia shuleni, mwaka 1848 alimbatiza Sechele, mtawala wa Wakwena katika nchi ambayo leo ni Botswana. Ili abatizwe, Sechele aliwarudisha wake zake kwao akabaki na mmoja. Haukupita muda mrefu, mmoja wa wale waliorudishwa akaonekana mjamzito, na mimba ni ya Sechele. Livingstone akamzuia kushiriki Meza ya Bwana. Baadaye akashika safari zake, na kwenye hesabu za kimisionari Sechele akaonekana ni hasara.

Kumbe mwenyewe hakuacha. Aliendelea kuwasomea watu wake Biblia na kuongoza sala kwa miaka mingi. Mzungu aliondoka, mwenye doa akabaki na kundi.

Tena muangalie Yohana Marko. Aliwaacha wenzake safarini kule Pamfilia, na Paulo akakataa katakata kwenda naye tena, hata akatengana na Barnaba kwa ajili yake. Paulo huyohuyo, yuko kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi". Kukataliwa kwake kulikuwa kweli, na kufaa kwake pia kulikuwa kweli.

Nyanya Chungu:
Yangu ni nyepesi. Katekista wetu wa kipaimara alikuwa na kigugumizi kikali, siyo mchezo. Akifika kwenye mapaji ya Roho Mtakatifu anakwama, "u-u-u...", anafumba macho, anagonga ubao kwa chaki, na sisi watoto tunapokea kwa pamoja: "Uchaji wa Mungu!" Tulianza kwa utundu, kumkomoa. Basi mwisho wa mwaka hakuna darasa lililojua katekisimu kama letu, maana tulikuwa tumemfundishia nusu nzima. Mpaka leo niamshe usiku wa manane nitakutajia mapaji yote saba.

Mjukuu wa Limuru:
Hapa Kenya, cucu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa wa wale Ndugu wa uamsho, moto ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapitia Uganda ukatufikia. Kwao mtu akiokoka anasimama anataja dhambi yenyewe kama ilivyo, na wengine wanampokea kwa wimbo wa Kiganda.

Cucu aliuza maharagwe sokoni. Siku moja kwa fellowship akasimama na ile gorogoro yake, kopo la kupimia, mkononi, akaigeuza watu waone kitako: ameibonyeza ndani ili ipunguze kipimo. Alikuwa ameshaokoka kitambo na bado anaipimia! Mama mmoja mteja wake alikuwa ameletwa hapo kutembea tu, na akakasirika sana. Baadaye ndiye aliyekuja kuokoka, akisema wahubiri amewasikia wengi lakini hakuwahi kuona mtu akionyesha gorogoro.

Fundi Bomba:
Mimi nashangaa mnashangaa nini. Balaamu alisemeshwa na punda.

Kinubi:
😂 Mhasibu, bado uko?

Mhasibu Mstaafu:
Nipo, nimesoma zote. Huyo mlinzi sina neno naye, nipeni namba ya mweka hazina nichangie mahari. Na huyo cucu ndiye ninayemsema mimi, alikuja na gorogoro mkononi. Kuhusu mabati sijabadilika. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi hata mara moja ningeridhika.