Nyimbo za bibi kwa gitaa: kodi niziweke wapi?

MwalimuWaLikoni
Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Nafundisha chekechea huku Likoni na huu ni mwaka wangu wa pili na gitaa. Nataka kuwaimbia watoto nyimbo alizotuimbia bibi, zile za kubembeleza na za kucheza uani. Watoto wengi wanakuja darasani wakijua nyimbo za katuni peke yake, na mimi roho inaniuma.

Kuimba naweza. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ndizo zinazonitoa jasho. Kila sauti ya wimbo naitafutia kodi yake, na kabla sijamaliza mstari wa pili vidole vimechoka na wimbo wenyewe umepotea. Sauti ya kwanza niliipata kwenye ule uzi mwembamba wa chini, nayo ni E, basi nikasema wimbo uko katika ufunguo wa E, yaani E ndiyo nyumbani kwake. Kodi za E zikagoma kabisa. Ninazozishika vizuri ni C, D, G, A7 na Am. F bado inanishinda.

Huu hapa wimbo mmoja wa kubembeleza kwa do re mi. Una mapigo matatu matatu, na kistari ni sauti kuendelea:

mi mi so | so – mi
fa fa la | so – –
mi mi so | la – so
fa mi re | do – –

Nisaidieni, tafadhali.

NyuziSita
Waalaykum salaam, mwalimu. Kosa la E tumelifanya wengi. Ufunguo hauujui kwa sauti ya kwanza. Uimbe wimbo wote, usikilize unapotulia mwishoni. Wako unatulia kwenye do. Kama mi yako ni E, do ni C, na wimbo uko C meja, yaani do re mi ya kawaida inayoanzia C.

Pili, acha kuipa kila sauti kodi yake. Nyimbo kama hizi zinabebwa na kodi tatu: ya do, ya fa na ya so. Kwenye C ni C, F na G. Ndani ya C mna do, mi, so. Ndani ya F mna fa, la, do. Ndani ya G mna so, ti, re. Ukizihesabu, sauti zote saba zimeshapata pa kukaa.

Sasa tazama sauti inayoangukia pigo la kwanza la kila kipande cha mapigo matatu, lile zito. Hiyo ndiyo inayochagua kodi. Nyingine ni wapita njia, waache wapite.

KwayaChangamwe
Naongezea kwa wimbo wake mwenyewe, kwa sababu ni mfano mzuri sana. Mstari wa kwanza wote ni mi na so, kwa hivyo ni C tu, usiguse kitu. Wa pili unaanza fa fa la, hiyo ni F bila ubishi. Halafu inakuja so iliyovutwa, na hapo mwalimu una hiari, maana so imo ndani ya C na imo ndani ya G pia. Ukiweka C, wimbo unapumzika. Ukiweka G, unabaki umening'inia kama mtu aliyeuliza swali anangoja jibu. Mimi ningeweka G, kwa sababu nusu ya pili ya wimbo ndiyo jibu lenyewe.

Mstari wa tatu C, kisha F kwenye la. Wa nne unaanza na fa na kupita kwenye re. F ina fa lakini haina re. G ina re lakini haina fa. Chukua G7, ambayo ni G iliyoongezwa fa, inazo zote mbili. Mi ya katikati inapita tu. Kisha C, umefika nyumbani.

MwalimuWaLikoni
Allah awabariki! Nimeujaribu polepole na kwa mara ya kwanza unasikika kama wimbo. Ila hiyo F, jamani. Watoto wananisubiri nikitafuta vidole.

NyuziSita
Basi hama C. Nenda D meja. Do inakuwa D, kodi zako ni D, G na A7, na zote umesema unazijua. Popote tuliposema C weka D, F iwe G, na G au G7 iwe A7. Wimbo unapanda hatua moja nzima. Sauti yake ya chini kabisa ni D na kilele chake ni B, watoto wa chekechea watafika bila kupiga kelele. Usiupeleke G meja kwa sababu tu kodi zake ni rahisi. Huko la itakuwa E ya juu, watoto watakwama. Na ukiushusha, wataimba chini mno hadi sauti ipotee.

Bandarini
Mimi kwenye ile la ya mstari wa tatu ningeweka kodi ya maina, Am kwenye C au Bm kwenye D. Inaleta huzuni fulani nzuri.

KwayaChangamwe
Inakubali, la imo. Lakini huu ni wimbo wa kumlaza mtoto, ndugu yangu. Huzuni ya nini? Na Bm ni ya kubana nyuzi kwa kidole kimoja, shida ileile ya F.

MzeeKibokoni
Mwanangu, wamekushauri vyema. Nina neno moja kabla hujaingia kwenye nyimbo nyingine za bibi. Si kila wimbo wa pwani ni wa meja. Nyingine zina harufu ya taarabu, zimekaa kwenye maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na baadhi ya sauti zake ziko katikati ya vyuma viwili vya shingo ya gitaa. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hauna vyuma hivyo shingoni, ndiyo maana unazifikia. Ukikuta sauti ambayo gitaa halina, usiulazimishe wimbo uifuate kodi. Shikilia uzi mmoja mzito wa sauti ya kutulia, uuache uvume, na wewe uimbe juu yake kama alivyoimba bibi.

Na mkono wa kulia usiusahau. Kwa mapigo matatu, piga uzi mzito kwanza, kisha nyuzi nyembamba mara mbili, laini. Mwendo wa mtu anayetikisa susu ya mtoto.

MwalimuWaLikoni
Shikamoo mzee, na shukrani. Nimerudi kuwapa habari. Leo nimeuimba darasani kwa D. Pale mwisho wa mstari wa pili niliweka A7, na watoto wote wakanyamaza wakinitazama mpaka nilipoendelea. Nilikaribia kulia.

Jioni nikavuka feri kwenda kumwimbia bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauimba yeye mara tatu mfululizo. Mara mbili za kwanza hakushuka mpaka do. Alibaki juu, kwenye mi, na mara ya tatu tu ndipo akashuka. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema, "Huko chini unashuka mtoto akishalala." Je, hapo nibadilishe kodi?

MzeeKibokoni
Marahaba. Usibadilishe. Mi imo ndani ya D. Piga D ileile na umwache bibi abaki juu.