Kopo lilitangulia kifungua kopo karibu miaka 50, hivi hawa watu walikuwa wanawaza nini?

mdadisi_77

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa kichwani tangu juzi nikaona bora nililete kwa wajuzi. Makopo ya bati ya kuhifadhia chakula yalipata hataza (yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1810, jamaa anaitwa Peter Durand, na kufika 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na mwenzake John Hall pale London kilikuwa kinayatengeneza na kuwauzia jeshi la majini. Haya, kifungua kopo chenyewe kimekuja lini? 1855 Uingereza, 1858 Marekani!! Yaani miaka yote hiyo watu wana chakula kimefungwa kabisa na hakuna kifaa cha kukifungulia.

Kuna kopo la nyama ya ndama lilienda Aktiki na safari ya William Parry 1824, maelekezo yake yanakwambia ukate kuzunguka juu karibu na ukingo kwa tindo na nyundo. Tindo jamani, kwa ajili ya chakula cha mchana. Wanajeshi wao walikuwa wanachoma na singe.

Sasa kuna maelezo ya maana hapa au ni uzembe tu? Na kama mnajua vitu vingine vya kawaida vilivyokuja kinyumenyume hivi tiririkeni.

---

fundi_bati

Mkuu sio uzembe hata kidogo. Unaliwaza kopo la leo ambalo ukilibonyeza kwa kidole linaingia ndani. Yale ya kwanza yalikuwa chuma kinene kilichopakwa bati, mengine kopo tupu lilikuwa zito kuliko chakula kilichomo. Fundi anakata karatasi ya chuma, anaikunja mviringo, analehemu ubavu, analehemu kitako, kifuniko kinaachiwa tundu dogo la kutolea mvuke wakati linachemshwa, afu mwisho tundu lile linazibwa kwa tone la lehemu. Moja moja, kwa mkono.

Sa niambie chuma cha hivyo unakifungua na kifaa gani cha kushika kiganjani? Hakipo. Mpaka bati lilipoanza kuwa jembamba kuelekea katikati ya karne ya 19 ndo kifaa cha Robert Yeates (huyo wa 1855) na cha Ezra Warner wa Marekani vikawa na maana. Afu angalia mteja alikuwa nani, ni meli na majeshi na watu wa kwenda kugundua ncha za dunia, hao wote wana shoka wana tindo wana singe na wana muda. Mtu wa kawaida hakuwa mteja, kopo lilikuwa ghali.

Na hata hicho cha Warner kilikuwa na ncha ya kutisha, unachoma kopo kwa ncha moja afu unasukuma blade iliyopinda kuzunguka ukingo, ukiteleza umekwisha. Jeshi la Marekani lilikitumia kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ila kwa raia mara nyingi muuza duka ndo alikuwa anakufungulia kopo palepale dukani kabla hujaondoka nalo. Chenye gurudumu la kuzunguka kimeletwa na William Lyman 1870.

---

bint_maabara

Kinyumenyume cha kweli mmekiruka 😄 Kabla ya kopo kulikuwa na chupa. Nicolas Appert, mpishi wa Ufaransa, alikuwa anajaza chakula kwenye chupa za vioo, anaziba kwa kizibo, anachemsha chupa nzima kwenye maji. Serikali ya Ufaransa ikamlipa faranga 12,000 mwaka 1810 kwa sharti achapishe njia yake watu wote waijue, na mwaka huohuo ndo Durand akachukua hataza ya Uingereza iliyotaja na vyombo vya bati.

Ila Appert hakujua KWA NINI inafanya kazi. Hakuna aliyejua. Habari za vijidudu kuozesha chakula zimekuja kueleweka na Louis Pasteur miaka ya 1860. Kwa hiyo nusu karne nzima watu wanakula nyama ya kopo na ukiwauliza mbona haiozi kila mtu anakupa jibu lake, wengi walidhani ni kwa sababu hewa imetolewa basi. Hili kwangu linashangaza kuliko habari ya tindo.

---

Mzee Kijiti

Vijana mnaongelea makopo, mi niwape kiberiti. Laita ilianza KABLA ya njiti za kiberiti za kukwaruza.

Johann Wolfgang Döbereiner, mkemia wa Ujerumani, mwaka 1823. Usidhani ni ile ya mfukoni sasa, hii ni mtungi wa kioo wa kuweka mezani. Ndani kuna asidi ya salfa, kipande cha zinki kinaning'inia humo, vikikutana vinatoa haidrojeni. Ukifungua valvu haidrojeni inatoka kwa kasi na kupiga kwenye platinamu iliyokaa kama sponji, platinamu inapata moto mpaka inakuwa nyekundu, gesi inawaka. Ukifunga valvu gesi inayobaki inaisukuma asidi chini mpaka inaachana na zinki, yenyewe inajizima kazi. Ukikaa ukaiwaza ni akili kubwa mno. Na zilinunuliwa kwelikweli, sio kitu cha maabara tu.

Njiti ya kukwaruza imekuja 1827 kwa John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees Uingereza, kijiti kilichopakwa mchanganyiko wa kemikali, unakibana kwenye karatasi ya msasa iliyokunjwa unakivuta kinawaka. Hakuchukua hataza! Samuel Jones wa London akaiga akawa anauza zake.

Sasa sehemu ambayo haichekeshi. Miaka ya 1830 wakaanza kutumia fosforasi nyeupe maana inawaka kirahisi, na mvuke wake ulikuwa unaozesha mfupa wa taya wa wafanyakazi, taya linaoza mtu yuko hai. 1888 wanawake na wasichana wa kiwanda cha Bryant & May London waligoma kwa ajili ya faini na mazingira ya kazi, na hiyo fosforasi ilikuwa mojawapo ya malalamiko. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia ulitiwa saini Bern 1906. Kiberiti cha usalama chenye fosforasi nyekundu pembeni ya boksi kilikuwa tayari kipo sokoni tangu miaka ya 1850, sema ile nyeupe ilikuwa rahisi bei. Kwa hiyo mleta mada ukitafuta uzembe, uzembe uko hapa, sio kwenye kopo.

---

mdadisi_77

@Mzee Kijiti heshima yako mzee wangu. Hiyo ya taya imeninyamazisha aisee.

---

karani_mstaafu

Penseli na raba. Grafaiti ya Borrowdale, Uingereza, ilianza kuchimbwa karne ya 16, ila raba ya kufutia imeanza kuuzwa 1770 na Edward Nairne pale London. Kabla ya hapo watu wanafuta na mkate, unafikicha kile cha ndani kinakuwa donge unasugulia.

Halafu raba kukaa kwenye kitako cha penseli ni Hymen Lipman wa Philadelphia, 1858, mwaka uleule wa kifungua kopo cha Warner. Joseph Reckendorfer akainunua hataza kwa dola 100,000, hela ya kutisha kwa wakati ule, akaenda kuwashtaki kampuni ya penseli ya Faber. 1875 Mahakama Kuu ya Marekani ikamwambia penseli ilikuwepo, raba ilikuwepo, kuziunganisha sio uvumbuzi. Hela imeenda hivyo.

---

shemeji_wa_wote

😂😂😂 laki moja ya dola imefutika na raba yake

---

mdadisi_77

@fundi_bati nimekuelewa kuhusu unene. Sasa na yale makopo ya soda ya kuvuta na kidole nayo yana kisa?

---

fundi_bati

Yanacho. Kwanza makopo ya bia na soda yalikuwa bapa juu, unatoboa matundu mawili na kifaa chake. Ermal Fraze wa Ohio alitoka matembezi na familia 1959, kifaa kimesahaulika nyumbani, akaishia kufungulia kopo kwenye bampa la gari. Akakaa chini akatengeneza kifuniko chenye ulimi wake, hataza ikatoka 1963. Ila ule ulimi ulikuwa unang'oka wote, watu wanatupa ovyo, ufukweni unakukata mguu, wengine wanautumbukiza ndani ya kopo afu wanaumeza na soda. Huu wa sasa unaobaki umeshikilia kopo umeletwa na Daniel Cudzik 1975, na ukiuangalia vizuri hauvuti kifuniko, unakisukuma kiingie ndani.