Moto nusu ya kwanza, halafu baridi: mnamjuaje wa kweli mapema?

mgeni_wa_besiboli
Wakuu habari zenu. Mi besiboli ya Marekani nimeanza kuifuatilia vizuri msimu wa 2025 kwa hiyo nikiongea pumba mnivumilie. Kuna kitu kinanisumbua. Cal Raleigh wa Seattle Mariners, mdakaji, yaani yule jamaa anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima magoti yanalia, alifika mapumziko ya All-Star (yale ya katikati ya msimu, ya kupisha mechi ya nyota) ana homurani 38 (zile mpigaji anapiga mpira unavuka uzio), pungufu ya moja tu kwa rekodi ya Barry Bonds ya 39 mwaka 2001. Nikasema huyu lazima ataishiwa pumzi. Wapi! Kamaliza na 60. Halafu nikamshabikia Pete Crow-Armstrong wa Cubs, kijana ana mbio, anapiga, anadaka mipira ya ajabu, homurani 25 kabla ya mapumziko... baada ya mapumziko kapiga 6 tu. Sasa wote wawili walinishangaza ile nusu ya kwanza, nyie wazoefu mnatambuaje mapema yupi ni wa kweli na yupi kabebwa na upepo?

GongoRefu
Kwanza karibu, na pumba hujaongea. Ila hiyo "nusu ya kwanza" sio nusu, ni jina tu. Msimu ni mechi 162, na Mariners walifika mapumziko wakiwa wamecheza 96. Kwa hiyo anayepoa baada ya hapo anapoa kwenye kipande kifupi, usimhukumu sana.

Kuhusu hao wawili, mi Raleigh hakunishangaza kiasi hicho, ukiangalia nyuma 2022 alipiga 27, 2023 akapiga 30, 2024 akapiga 34, yani ngazi inapanda yenyewe. 60 hakuna aliyeiona, hata mi sikuiona nisidanganye, maana rekodi ya homurani ya wadakaji ilikuwa 48 ya Salvador Perez na kwenye klabu yake hata Ken Griffey Jr. aliishia 56. Lakini nguvu ilikuwepo siku zote. Crow-Armstrong tatizo lake lilikuwa linaonekana hata akiwa wa moto, alikuwa anarusha gongo kwenye mipira iliyo nje kabisa ya eneo la kupigwa. Ukiwa moto unaigonga hata hiyo, warushaji wakishakujua wanakunyima mpira mzuri wanakulisha hiyo hiyo mibovu, unaangamia mwenyewe. Kwa hiyo mi kwa mpigaji siangalii homurani kwanza, naangalia anaachia mipira gani ipite.

dada_wa_kilima
Nyie kila siku wapigaji tu. Kwa warushaji mtego mkubwa ni kuhesabu ushindi, yani mechi ambazo mrushaji anaandikiwa kashinda au kapoteza. Ubaldo Jiménez wa Colorado Rockies 2010, mechi ya Aprili Atlanta hawakupata kwake hiti hata moja (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama), akafika mapumziko ameshinda 15 kapoteza 1, akaanza mechi ya All-Star, watu wanasema huyu atafika 25 au zaidi. Kamaliza 19 kwa 8. Piga hesabu mwenyewe, baada ya mapumziko 4 kwa 7. Na ushindi mrushaji hapewi peke yake, timu isipofunga anapoteza hata akirusha vizuri.

Sasa mlinganishe na R.A. Dickey wa Mets 2012, miaka 37, 12 kwa 1 kwenye mapumziko, na mwezi Juni mechi mbili mfululizo aliruhusu hiti moja moja tu. Huyu alimaliza 20 kwa 6 na tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, akabeba. Tofauti ni kwamba Dickey alikuwa na sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole: alikuwa anarusha ule mpira usiozunguka unaoyumba hewani, tena kwa kasi kuliko wengine walioutumia kabla yake. (Huyu jamaa alipochaguliwa na timu ya Rangers 1996 madaktari waligundua kiwikoni hana kabisa ile kano ambayo warushaji wengine wanafanyiwa upasuaji ikikatika, wakamshusha ofa kutoka dola 810,000 hadi 75,000. Maisha haya.)

Bwana_Mashaka
Dada hapo kwenye sababu nakubali nusu nusu, maana sababu tunazipata baada ya mambo kutokea. José Bautista wa Toronto Blue Jays 2010, mtu ambaye msimu wake bora kabla ya hapo ni homurani 16, anafika mapumziko na 24, nani alisema huyu wa kweli? Wote tulisema upepo. Kamaliza 54, mwaka uliofuata 43 na akaongoza ligi tena. Ndio, mtu akiniambia alibadilisha namna ya kuanza kuzungusha gongo na kwamba Septemba 2009 alishapiga 10 nitasema sawa, ila nani alikuwa anaangalia Septemba ya timu isiyowania chochote?

Na kinyume chake Chris Davis wa Orioles 2013, homurani 37 kabla ya mapumziko, akaifikia rekodi ya ligi ya American ya Reggie Jackson ya 1969. Nusu ya pili hakuporomoka, alimaliza 53. Aliporomoka miaka ya mbele, hadi 2018 na 2019 akakaa zamu 54 za kuhesabika bila hiti. Huyo mnamweka kundi gani?

mzee_wa_kumbukumbu
Vijana mmesahau majeraha. Mark Fidrych wa Detroit 1976, mtoto wa miaka 21, mechi yake ya kwanza kuanza ni katikati ya Mei na Julai tayari anaanza mechi ya All-Star! Anaongea na mpira, anapiga magoti anasawazisha kwa mikono udongo wa kile kilima cha kurushia, viwanja vinajaa kwa ajili yake. Alimaliza 19 kwa 9, mechi 24 alizirusha mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, kwa mrushaji wa leo huo ni wazimu. 1977 goti, halafu mkono. Baada ya ule msimu alishinda mechi 10 tu maisha yake yote. Yule hakuwa upepo, alikuwa wa kweli kabisa, mwili ndio ulikataa.

mgeni_wa_besiboli
Dah mzee umeniumiza. Sasa Luis Arraez wa Marlins 2023, nimeona alikuwa na wastani wa 0.400 (hiti nne kila zamu kumi) mpaka Juni inaishia kisha kamaliza 0.354, huyo naye kapoa?

GongoRefu
Kapoa akabeba ubingwa wa wapigaji wa ligi yake hahaha. Tangu Ted Williams 1941 hakuna aliyemaliza msimu na 0.400 kwenye hizi ligi mbili kuu, American na National, kwa hiyo ukimpima Arraez kwa hiyo kila mtu kapoa kaka.