Mshahara wa mwalimu wa Kenya upangwe Nairobi au hapa kaunti ya Mombasa?

MtongweLeo: Naanza mie. TSC, tume iajiriyo walimu, yakaa na KNUT na KUPPET, vyama vya walimu, Tume ya Mishahara yatia neno, wasaini mkataba wa miaka minne basi. Ule wa 2025 hadi 2029 ni wa shilingi bilioni 33.8. Yote yaamuliwa Nairobi. Kwa nini kaunti isipange, ilhali ndiyo ijuayo maisha ya hapa?

BintKisauni: Kaunti? Chekechea si katiba iliwapa wao? Kila kaunti yapanga kivyake, walimu wale wamenyanyuka wapi? Hebu tuache.

MwalimuNgambo: Mie shida yangu ni marupurupu ya nyumba. Yana makundi kwa mahali ufundishapo, Nairobi juu peke yake, sie Mombasa twatiwa la pili na kina Kisumu. Nna mwenzangu tumetoka chuo kimoja, gredi moja, kazi ile ile, yuko Nairobi na kila mwezi anizidi. Kwani kodi ya Tudor hulipwa kwa makuti?

KibaruaChangamwe: Mwalimu shukuruni. Aprili mwafunga, Agosti mwafunga, Novemba mwafunga tena mpaka Januari, na mshahara waingia. Sie vibarua usipotokea hulipwi.

MwalimuNgambo: Wallahi hilo sikuachii. Jana nimetoka shule na madaftari 72 ya insha ndani ya mfuko wa unga, nikasimama kwenye feri nimeegemea chuma nikasahihisha mawili, la tatu nikaanza watu washashuka, kalamu nyekundu ikavuja mpaka buibui ikashika rangi, na usiku nikaendelea hadi saa sita, hayo nani anilipa??

KibaruaChangamwe: Nimesema likizo, sikusema insha.

BiMkubwaMajengo: Wanangu, mie nimestaafu. 1997 tuligoma tukaahidiwa asilimia 150 hadi 200, ikalipwa awamu ya kwanza serikali ikageuka, 1998 tukarudi barabarani. 2015 korti ikawapa wenzenu asilimia 50 hadi 60, wakagoma kama wiki tano, Korti ya Rufaa ikaitangua. Mshahara wetu siku zote wapangwa na mgomo.

MtongweLeo: Shikamoo Bi Mkubwa. Ndio maana nauliza nani apange. Ibara ya 230 ya katiba yasema Tume ya Mishahara *yashauri* kwa watumishi kama walimu, sasa ushauri umekuwaje amri?

BiMkubwaMajengo: Marahaba. Na huyo wa likizo, mie likizo zangu za Agosti nilikuwa nafundisha darasa la nane bure.

KibaruaChangamwe: Bure? Mie mwanangu alitozwa tuisheni likizo mbili mfululizo!

BintKisauni: Hapo kasema kweli, nami nililipa.

JSSMkataba: Mwagombania likizo. Sie wa JSS, sekondari ya chini, tulioingia 2023 kwa mkataba tulipewa elfu 20, digrii mkononi, hiyo kabla ya makato. Likizo mie nilikaanga viazi karai Mwembe Tayari na wanafunzi wangu wakija kununua waniita mwalimu mbele za watu.

KibaruaChangamwe: Elfu 20 na digrii? Pole sana ndugu yangu, hilo sikulijua. Lakini likizo bado nasema ni nyingi.

MwalimuNgambo: Basi Jumatatu saa kumi na mbili unusu asubuhi nikute feri upande wa mjini, madaftari utanibebea wewe.