Mtoto wa miaka mitatu hajawahi kuona bahari: tukitokea Dodoma twende wapi?

Mama K wa Ilazo
Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka mitatu, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo na beseni la kufulia. Mwezi wa sita baba yake ana likizo, tunataka kushuka pwani tupumzike kweli: mimi nisipike, yeye asipokee simu za ofisini, mtoto acheze mchanga. Mwenzangu ameng'ang'ania Nungwi, picha zimemteka. Mimi nikifikiria treni, halafu boti, halafu gari mpaka kaskazini ya kisiwa cha Unguja, na mtoto mwenyewe anatapika hata kwenye daladala ya Nkuhungu, naishiwa nguvu. Kunduchi, Kigamboni au Bagamoyo? Nataka chakula kizuri na kivuli. Disko sitaki hata la bure.

Nahodha Mstaafu
Mama, picha za hoteli hupigwa maji yamejaa. Ukifika yakiwa yamekupwa utadhani umetapeliwa. Pwani yetu, wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana), tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kulipia chumba. Ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni, na kila siku husogea mbele karibu saa nzima. Kwa mtoto mdogo hiyo ratiba ni nzuri sana. Asubuhi anachezea vidimbwi na kufukuza kaa (mvishe viatu vya plastiki, kuna miiba), mchana analala, jioni jua limepoa ndiyo mnaoga.

Mwezi wa sita ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Hakuna joto kali, ila upepo upo. Kigamboni upande wa bahari wazi mawimbi hupiga. Kunduchi visiwa vya Mbudya na Bongoyo vinayapunguza nguvu. Ningekuwa na mjukuu wa umri huo ningekaa Kunduchi. Na yale maboya ya mikononi ni mapambo tu, mtu mzima awe ndani ya maji naye, umbali wa kumshika mkono.

Dada wa Makole
Nungwi raha yake ni kwamba maji hayakimbii mbali kama Paje na Jambiani, hapo shemeji yuko sahihi. Lakini kwa huyo anayetapika, boti tu ni kama saa mbili, na kusi ikivuma haina adabu. Msubirini akue.
Treni ya SGR (ile ya umeme), mtoto chini ya miaka minne hakatiwi nauli, ila atakaa mapajani. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa 31,000 mwaka 2024. Chukueni ya asubuhi, mchana mko Dar.

Bibi wa Kaole
Mwanangu, Bagamoyo mbona mmeiruka? Ni kama kilomita 70 kutoka Dar, kumetulia, samaki wa kukaanga unamnunua palepale sokoni. Misafara ya zamani ikitoka kwenu Ugogo ilikuwa inashukia huku kwa miguu, nyie mna treni mnalalamika! Maji yetu hupwa mbali, ila mchanga ni tambarare, mtoto anakimbia mpaka achoke. Jambo moja tu: huku mbu si wa Dodoma. Uliza chandarua kabla hujatuma hela, na mtoto akipata homa mkirudi, kapimeni malaria siku hiyohiyo.

Mama K wa Ilazo
Asanteni sana, na shikamoo Bibi, shikamoo Nahodha. Nimemsomea mwenzangu habari ya boti na kusi, akanyamaza. Tumekubaliana Kunduchi, na siku moja tuendeshwe Bagamoyo tukale samaki. Mwezi nimeutazama kwenye kalenda, utakuwa mpevu tukiwa huko. Sasa ameanza jingine, anauliza kama huko pwani kuna nyama choma kama ya mnada wa Msalato. Mjibuni nyie, mimi nimechoka.