Seti ya Churchill yenye pengo, nivunje?

Muuza Vitabu, Moshi: Wakuu, habari za jioni. Nauza vitabu vya mtumba pale soko la Memorial. Mwalimu mmoja mstaafu kaniuzia historia ya Vita vya Pili vya Dunia aliyoandika Churchill. Kamili ni juzuu sita. Ya tatu haipo. Majalada magumu bado yamekaza, ila ya kwanza mende wametafuna mgongo, na kwenye ramani kuna doa la chai la duara kabisa. Mteja anataka ya pili tu, ile ya 1940 Churchill alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza. Nimvunjie?

Mdau wa Arusha: Usithubutu! Ya pili ndiyo inabeba wenzake. Ukiitoa, hizo nne utazifukuzia vumbi hadi masika. Na usiote utajiri: ya kwanza ilitoka 1948, na zilichapwa nyingi mno. Mtajie Nobel ya Fasihi aliyopata Churchill 1953, wanunuzi wanapenda.

Binti Kibosho: Huyo mimi simtaki, alivyoyang'ang'ania makoloni! Babu alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa vitani Burma. Kaka, ukipata kitabu cha askari wetu nitunzie, nakuja Jumamosi.

Muuza Vitabu, Moshi: Nimekusikia dada, nikikipata nakiweka chini ya meza. Mteja nimemwambia tano zote laki na nusu. Kaguna, kaipekua ya pili tena, sasa hivi kaenda kwa wakala kutoa hela.